Serikali ya Callaghan (1976–1979) ilidumu vipi miaka mitatu bila wingi bungeni?

mwalimu_wa_muheza

Habari za humu ndani. Nafundisha Historia kidato cha tano na cha sita, na klabu yetu ya midahalo imepanga mada ya serikali zisizo na wabunge wa kutosha. Kijana wangu mmoja amechagua serikali ya James Callaghan wa Uingereza. Hoja yake ni kwamba ilikuwa serikali dhaifu tangu siku ya kwanza mpaka ilipoangushwa kwa kura moja tarehe 28 Machi 1979.

Matokeo yenyewe nayajua, 311 kwa 310. Ninachojiuliza ni kingine. Kama ilikuwa dhaifu kiasi hicho, iliwezaje kukaa tangu Aprili 1976? Edward Heath aliingia mwaka 1970 akiwa na wingi mzuri tu, na hata miaka minne hakuifikisha. Huyu asiye na wingi alishikiliwa na nini? Na kilichomwangusha ni nini hasa? Vitabu tulivyonavyo vinataja migomo ya majira ya baridi, basi, ukurasa unafungwa.

hesabu_za_kura

Mwalimu, anzia Oktoba 1974. Harold Wilson, Waziri Mkuu wa chama cha Labour aliyemtangulia Callaghan, alipata viti 319 kati ya 635. Wengine wote ukiwajumlisha ni 316. Sasa anza kutoa. Jim Sillars na John Robertson walijitenga mwaka 1976 na chama chao cha Scotland. John Stonehouse, yule aliyeacha nguo ufukweni Miami ili adhaniwe amekufa maji kisha akapatikana Australia, alijitoa Labour Aprili 1976, Callaghan akiwa ndiyo kwanza ameingia ofisini. Chaguzi ndogo za Walsall North na Workington, Novemba 1976, zikaenda kwa chama kikuu cha upinzani, Conservative. Stechford, Machi 1977, vilevile. Ashfield, Aprili 1977, vilevile, kwa tofauti ya kura 264. Reg Prentice, aliyekuwa waziri, akahamia upinzani Oktoba 1977.

Ila tazama na upande wa pili. Conservative walishinda viti 277, Liberal 13, SNP ya Scotland 11, Plaid Cymru ya Wales 3, Ireland ya Kaskazini 12. Kumwangusha Callaghan kulihitaji karibu watu wote hao wakubaliane usiku mmoja, na wengi wao walikuwa hawaonani kwa uzuri.

babu_kikwajuni

Assalaam alaykum. Mwalimu mwanangu, hesabu ya ndugu hapo juu ni sahihi. Mimi nitakueleza yaliyokuwa nyuma ya hesabu, kwa kuwa nilikuwa huko. Niliondoka Unguja kijana, nikafika London, na miaka ya sabini kazi yangu ilikuwa kusukuma vitanda vya wagonjwa katika hospitali moja mashariki ya mji. Nilikuwa mwanachama wa NUPE, chama cha wafanyakazi wa huduma za umma. Siasa za Bunge nilizifuata kwa karibu kwa sababu mshahara wangu ulikuwa unaamuliwa huko.

Kwanza nikwambie kwamba sikuwa na mapenzi na Callaghan. Yeye ndiye aliyekuwa Waziri wa Mambo ya Ndani mwaka 1968, wakati Wahindi wa Kenya waliokuwa na pasi za Uingereza walipofungiwa mlango kwa sheria iliyopitishwa bungeni kwa siku chache mno. Sisi tuliotoka Afrika Mashariki hatukulisahau jambo hilo. Kwa hiyo nikimsifu mahali, ujue namsifu kwa haki.

Na anastahili. Mwambie kijana wako asiseme serikali ile ilikuwa dhaifu mwanzo mpaka mwisho, kwa sababu mtu akimuuliza habari za mwisho wa 1976 atakwama. Mwaka ule pauni ilikuwa inaporomoka. Septemba, Waziri wa Fedha Denis Healey alifika uwanja wa ndege wa Heathrow tayari kusafiri, akageuza njia akarudi Wizarani kwa jinsi hali ilivyokuwa. Wakaomba mkopo wa dola bilioni 3.9 kwa Shirika la Fedha la Kimataifa, na sharti likawa kupunguza matumizi ya serikali. Ndani ya Baraza la Mawaziri walikuwamo watu wazito waliopinga: Tony Benn, Michael Foot, Anthony Crosland. Kila mmoja angeweza kutoka na kundi lake la wabunge, na serikali isiyo na wingi ingekwisha hapohapo.

Callaghan alifanya nini? Aliwaacha waseme. Kikao baada ya kikao, wiki baada ya wiki, Benn akileta waraka wake unajadiliwa, Crosland akileta hoja zake zinajadiliwa, mpaka kila mtu akaona mwenyewe kwamba hana wa kumuunga mkono wa kutosha. Crosland mwishowe alisema bado haamini hatua ile ni sahihi, lakini Waziri Mkuu hawezi kuachwa peke yake. Benn alibaki. Foot alibaki. Wilson angejaribu kuwazunguka, naamini hivyo kabisa, na angempoteza mmoja wao. Uvumilivu wa kusikiliza ndio uliokuwa nguzo ya kwanza ya serikali ile, na hauonekani katika orodha ya viti.

Kisha ikaja Machi 1977. Margaret Thatcher, kiongozi wa upinzani tangu 1975, akaleta hoja ya kutokuwa na imani. Callaghan hakuwa na kura. Akakaa na David Steel wa Liberal, kijana wa miaka thelathini na kitu, wakakubaliana: Liberal 13 wataiunga mkono serikali, nayo itashauriana nao kabla ya kupeleka miswada, na itarudisha suala la mabunge ya Scotland na Wales na la uchaguzi wa Bunge la Ulaya. Hawakupewa hata kiti kimoja cha uwaziri. Tarehe 23 Machi serikali ikapita kwa 322 dhidi ya 298. Mkataba ule ulitembea mpaka 1978, na ndani ya kipindi hicho nchi ilitulia. Mfumuko wa bei uliozidi asilimia 24 mwaka 1975 ulishuka ukafika kama asilimia 8 mwaka 1978. Hicho nakitaja kwa sababu nilikiona dukani, si kwa sababu nimekisoma.

Sasa hapa ndipo penye jibu langu hasa, mwalimu, na naomba ulitazame vizuri. Serikali ya Callaghan ilikuwa imekaa juu ya makubaliano mawili. La kwanza lilikuwa la bungeni, hilo nililolieleza. La pili lilikuwa nje ya Bunge, na wakuu wa vyama vya wafanyakazi. Jack Jones wa chama cha wafanyakazi wa usafirishaji, mtoto wa Liverpool, mtu aliyepigana Hispania, ndiye aliyetoa wazo mwaka 1975 kwamba kila mfanyakazi aongezwe kiwango kimoja, pauni 6 kwa wiki, awe analipwa kidogo au kingi, na wenye mishahara mikubwa wasipate kitu. Sisi wa chini tulilikubali kwa moyo mmoja. Pauni 6 kwa mtu wa mshahara mdogo ni fedha ya maana. Mwaka uliofuata wakaweka kama asilimia 5. Uliofuata tena, asilimia 10. Kila mwaka bei zilikuwa mbele yetu, kila mwaka tukaambiwa vumilieni, na tukavumilia, kwa sababu Jones na Hugh Scanlon wa mafundi mitambo walisimama mbele yetu wakatueleza sababu.

Mwaka 1978 Jones alistaafu. Scanlon akastaafu. Mwezi Julai mwaka huohuo serikali ikatangaza kiwango kipya, asilimia 5, na safari hii hapakuwa na kiongozi wa wafanyakazi aliyekikubali. Mkutano Mkuu wa Labour yenyewe, Oktoba kule Blackpool, ulikikataa kwa kura kama milioni nne dhidi ya chini ya milioni mbili. Chama tawala kinakataa sera ya mishahara ya serikali yake, na Waziri Mkuu anasonga mbele nayo. Wakati ule mimi nilikuwa napata chini ya pauni 50 kwa wiki. Piga asilimia 5 ya pauni 45 uone: pauni mbili na robo.

Callaghan angeweza kuliepuka hilo lote. Watu wote walitarajia uchaguzi Oktoba 1978. Kura za maoni zilionesha vyama viwili vikuu viko karibukaribu. Majira ya joto alikuwa shambani kwake Sussex akipiga hesabu za majimbo, akaona huenda likatoka Bunge jingine lisilo na mwenye wingi, naye alikuwa amechoka kuishi hivyo. Mapema Septemba, mbele ya mkutano wa vyama vya wafanyakazi Brighton, aliimba kipande cha wimbo wa zamani wa bibi harusi aliyeachwa kanisani. Wengine wakadhani anamcheka Thatcher. Tarehe 7 Septemba akatangaza kwenye televisheni kwamba uchaguzi haupo. Viongozi waliokuwa wameshajiandaa kumpigia kampeni waliondoka na kinyongo, na Liberal walikuwa wameshajitoa katika mkataba. Kuanzia siku ile makubaliano yote mawili yalikuwa yamekufa. Serikali ilikuwa imebakiwa na mazoea tu.

msomaji_nyali

Mzee, heshima kwako. Nimesoma kwa makini lakini sikubaliani. Unamlaumu Callaghan ilhali nyinyi mliogoma ndio mliomaliza serikali ya wafanyakazi. Ford waligoma, wakapata asilimia 17. Madereva wa malori wakafuata Januari 1979. Tarehe 22 Januari wafanyakazi wa umma karibu milioni moja na nusu wakatoka siku moja. Liverpool wachimba makaburi waligoma, maiti zikakaa bila kuzikwa. Taka zilirundikana katikati ya London. Mwananchi gani angeipigia kura serikali hiyo? Thatcher hakuhitaji kufanya kampeni, nyinyi mlimfanyia. Ukiniuliza mimi, kijana wa mwalimu yuko sawa, na vitabu viko sawa: migomo ndiyo iliyoiangusha.

babu_kikwajuni

Ndugu yangu wa Nyali, umesema bila kuficha na mimi nitajibu bila kuficha. Tarehe 22 Januari nilikuwa barabarani pamoja na wenzangu. Kulikuwa na theluji, na tulikuwa wapishi, wafagiaji, wasukuma vitanda, kina mama wa kufua mashuka, wengi wao kutoka Jamaica na Barbados, wengine Waireland. Tulichokuwa tunadai ni kima cha chini cha pauni 60 kwa wiki. Si cha kuwa tajiri. Hospitalini kwetu wagonjwa wa dharura walihudumiwa, tulipanga zamu wenyewe, na mimi nilisukuma vitanda siku zile za mgomo kwa sababu mtu anayetokwa damu hajui habari za asilimia 5. Habari ya makaburi ya Liverpool ilituumiza sana. Mimi Muislamu, najua maana ya maiti kucheleweshwa. Lakini usichukue jambo la mji mmoja ukalifanya ndiyo sura ya watu milioni moja na nusu.

Kuhusu serikali kuanguka, tenganisha mambo mawili. Migomo ilimfanya Callaghan ashindwe uchaguzi wa Mei, hilo nakupa. Iliwachosha wapiga kura, na yeye mwenyewe hakusaidia aliporudi Januari kutoka mkutano wa Guadeloupe, nchi imeganda kwa baridi, akasema haoni kwamba watu wa nje wanaiona nchi iko kwenye vurugu. Gazeti la The Sun likamwekea kichwa cha habari ambacho hakutamka, na hicho ndicho watu wanachokikumbuka mpaka leo.

Lakini bungeni? Migomo ilikuwa imekwisha au inakwisha ilipofika mwisho wa Machi. Desemba, wakati wa suala la kuiadhibu Ford kwa kuvuka kiwango, serikali ilishindwa kwa 285 dhidi ya 283, na kesho yake ikaomba kura ya imani ikapita kwa 300 dhidi ya 290. Unaona? Katikati ya mgogoro wa mishahara Bunge halikumtoa. Aliyemtoa ni Scotland.

Tarehe 1 Machi 1979 Waskochi walipiga kura ya maoni kama wapewe bunge lao. Waliosema ndiyo walikuwa asilimia 51.6 ya waliopiga kura. Walishinda. Lakini mbunge mmoja wa Labour yenyewe, George Cunningham, alikuwa ameingiza kifungu kwamba waliosema ndiyo lazima wafikie asilimia 40 ya wote walioandikishwa, hata wasiofika kituoni. Wakafikia 32.9. Kwa hiyo walioshinda wakaambiwa wameshindwa. SNP wakamtaka Callaghan awalazimishe wabunge wake wapitishe sheria ile hivyo hivyo. Hakuweza, maana wengi wa wabunge wake walikuwa hawaitaki. SNP wakaweka hoja ya kutokuwa na imani, Thatcher akaona njia imefunguka akaweka ya kwake. Callaghan aliwaambia SNP pale bungeni kwamba ni mara ya kwanza kusikia batamzinga, ambao kule ndio kitoweo cha Krismasi, wanapiga kura ili Krismasi ije mapema. Uchaguzi ulipofika, kati ya viti vyao 11 walibakiwa na 2.

Kwa hiyo mkono ulioiangusha ulitoka kwa waliokuwa wameahidiwa kitu na serikali na hawakukipata, kwa kifungu kilichowekwa na mtu wa ndani. Sisi tulio na fagio hatukuwa na kura humo ndani.

hesabu_za_kura

Nathibitisha tarakimu za Desemba na za Scotland, ziko hivyo. Na kwa mwalimu: serikali ya mwisho kabla ya hapo kulazimishwa na kura ya Bunge kwenda kwenye uchaguzi ilikuwa ya Ramsay MacDonald, 1924. Miaka hamsini na mitano katikati.

mwalimu_wa_muheza

Shikamoo babu. Nimeyasoma mara mbili na nitampa kijana ayasome mwenyewe. Nimebakiwa na jambo moja. Nimewahi kusikia kwamba usiku ule kulikuwa na mbunge mgonjwa ambaye angefika ingetosha kuiokoa serikali, na kwamba Callaghan mwenyewe alikataa aletwe. Ni kweli au ni hadithi?

babu_kikwajuni

Marahaba mwanangu. Ni kweli, na kwangu mimi ndiyo sehemu ya habari hii iliyo muhimu kupita zote.

Anaitwa Sir Alfred Broughton, mbunge wa Batley and Morley kule Yorkshire, naye alikuwa daktari. Alikuwa mahututi. Desturi ya pale mbunge mgonjwa akifikishwa ndani ya uwanja wa Bunge, hata akiwa amelala ndani ya gari la wagonjwa, anahesabiwa. Yeye mwenyewe alikuwa tayari kuja. Madaktari walisema safari ile ya mamia ya kilomita inaweza kumuua njiani. Callaghan akasema asiletwe. Broughton alifariki tarehe 2 Aprili, siku tano baada ya kura.

Sasa msikilize na huyu wa pili. Walter Harrison alikuwa naibu mnadhimu wa serikali, mtu wa kuhakikisha kila kura inapatikana, na alikuwa mkali. Kuna desturi nyingine: mbunge wa upande mmoja akiwa hawezi kufika, wa upande wa pili anakubali naye asipige kura, ili uwiano ubaki. Harrison alimwendea mwenzake wa Conservative, Bernard Weatherill, akamwomba mtu wa kulinganisha na Broughton. Weatherill akamwambia desturi ile haijapata kuhusu kura ya imani, na hakuna mbunge wake atakayekubali. Kisha akasema, lakini mimi nilikupa ahadi, nitakaa nje mwenyewe. Angefanya hivyo siasa zake zingekwisha usiku uleule. Harrison akamwachilia. Akasema hawezi kukubali mtu ajiangamize kwa ajili ya neno lake. Kura ilikuwa moja. Weatherill angekaa nje ingekuwa 310 kwa 310, na kwa desturi ya Bunge la kule Spika anaiacha serikali isimame. Miaka minne baadaye Weatherill ndiye aliyekuwa Spika.

Waireland nao walikuwa na yao. Gerry Fitt wa Belfast Magharibi, msoshalisti, rafiki wa Labour miaka yote, alisimama akasema safari hii hawezi, kwa jinsi waziri Roy Mason alivyoiendesha Ireland ya Kaskazini na kwa jinsi serikali ilivyokubali kuwaongezea viti Waunionisti, yaani wale wanaotaka Ireland ya Kaskazini ibaki chini ya Uingereza. Frank Maguire, mwenye baa huko Fermanagh, ambaye Bungeni alikuwa haonekani, alisafiri mpaka London, akakaa, na hakupiga kura. Waunionisti wawili, Harold McCusker na John Carson, walipiga na serikali. Wasaidizi wa Callaghan walimletea na wazo la bomba la gesi la kupeleka Ireland ya Kaskazini ili kupata kura zaidi za Waunionisti. Akakataa. Alikuwa amefika mahali pa kusema basi.

Kutoka London mjadala ulirushwa redioni, maana Bunge lilikuwa limeruhusu redio tangu mwaka uliotangulia, televisheni bado. Nilikuwa zamu ya usiku. Tulikuwa tumekaa katika chumba cha wasukuma vitanda, watu wa vyama vyote na wasio na chama, Foot akifunga hoja kwa upande wa serikali, anapigiwa kelele na kushangiliwa. Ilipopita saa nne usiku wakasoma: waliounga hoja 311, waliopinga 310. Mama mmoja Mjamaika, mgomaji mwenzangu wa Januari, alilia. Alikuwa amemtukana Callaghan miezi mitatu mfululizo, na alilia, kwa sababu alijua anayekuja hatatuita mezani kabisa. Callaghan alisimama akasema maneno machache kwamba Bunge limeamua, nao watakwenda kwa wananchi. Mei 3 Conservative walipata viti 339, Labour 269.

Kwa hiyo kijana wako akiulizwa kama Callaghan alishindwa kwa kukosa ujanja, aseme hapana. Njia za kuipata kura ile moja zilikuwapo, na watu wawili wa serikali hiyo, kila mmoja kwa wakati wake, walizikataa kwa sababu bei yake ilikuwa maisha ya mtu au heshima ya mtu. Nimeishi chini ya serikali nyingi, Unguja na Uingereza. Hilo nimeliona kwa nadra sana na naliheshimu mpaka leo, pamoja na 1968, pamoja na asilimia tano yao.

msomaji_nyali

Mzee, habari ya Harrison na Weatherill sikuijua kabisa. Bado naona migomo ilikuwa na uzito kuliko unavyokubali, kwa sababu bila migomo SNP na Liberal wasingethubutu kutaka uchaguzi mwezi ule. Walikuwa wanaona serikali haina watu nyuma yake. Lakini hoja ya Septemba 1978 nakubaliana nayo. Angeitisha uchaguzi Oktoba, hata akishindwa, asingeshindwa kwa viti sabini.

babu_kikwajuni

Hapo umesema la maana, wa Nyali. Liberal walikuwa wanautaka uchaguzi tangu walipojitoa, ila kwamba hali ya Januari iliwapa SNP ujasiri, hilo siwezi kulikataa.

mwalimu_wa_muheza

Ahsanteni nyote. Swali la mwisho, babu. Hesabu ya kwanza ilitaja Plaid Cymru watatu. Wao walikwenda upande gani?

babu_kikwajuni

Walipiga na serikali, wote watatu: Gwynfor Evans, Dafydd Wigley na Dafydd Elis-Thomas. Nao walikuwa na dai lao. Kaskazini ya Wales kuna machimbo ya mawe ya kuezekea nyumba, Blaenau Ffestiniog na kandokando yake. Wanaume waliokata mawe yale walivuta vumbi miaka yote, mapafu yakawa magumu, na machimbo mengi yalikuwa yameshafungwa, kwa hiyo hapakuwa na tajiri wa kumshitaki. Wachimba makaa ya mawe walikuwa na mpango wao wa fidia. Hawa wa mawe hawakuwa nao. Plaid Cymru walisema: leteni sheria ya fidia, tunapiga kura nanyi.

Serikali ilikubali, ikashindwa kura hata hivyo, lakini haikuliacha jambo lile. Katika siku chache zilizobaki mwanzoni mwa Aprili 1979, kabla Bunge halijavunjwa, mswada ukapitishwa na ukawa sheria, na Conservative hawakuuzuia. Inatumika mpaka leo, na si kwa wakata mawe wa Wales peke yao: walioumizwa mapafu na asbesto kazini, ambao mwajiri wao hayupo tena, wanadai kwa sheria hiyohiyo. Mwambie kijana aitaje na hiyo.